Mastaz na PhD ya sayansi ya michezo: jinsi ya kufanya utafiti na wanariadha bila kukwama katikati

Ukitaka kufanya mastaz au PhD ya sayansi ya michezo na mazoezi, kalenda ya kwanza kuangalia sio ya chuo, ni ya wanariadha wako. Watu wanaandika proposo, wanaipitisha, wanahangaika na vibali miezi na miezi, alafu wanafika Iten, ule mji wa wakimbiaji wa Kenya, mwezi wa tatu wanakuta wakimbiaji wote wazuri wako kwa maandalizi ya Boston na London za mwezi wa nne, na hakuna kocha atakubali mtu wake apandishwe kwa tredimili akimbizwe mpaka miguu igome, wiki tatu kabla ya mbio inayolisha nyumba yake mwaka mzima. Hiyo sio roho mbaya ya kocha, ni kazi yake. Kwa hivyo karibu kila kitu nitasema hapa, kuanzia swali la utafiti mpaka siku ya kutetea tasnifu, kinatoka hapo: mtu unayempima ana maisha yake, na ni utafiti wako unaofaa kuingia kwa hayo maisha, sio yeye aingie kwa utafiti wako.

Nitatumia sana mfano wa wakimbiaji wa Kenya kwa sababu huko ndo kazi yenyewe imefanywa sana na ndo najua zaidi, lakini kama uko Dar, Arusha, Kampala, ama uko ng'ambo unasoma na unataka kurudi nyumbani kukusanya data, mengi ni yale yale.

Swali kwanza, na liwe dogo

Proposo nyingi zinaanza na "mbona Wakenya wanakimbia sana?" Hilo swali ni tamu lakini sio swali la mastaz. Limeshaulizwa na watu wenye maabara kubwa na pesa ndefu. Bengt Saltin na wenzake kutoka Skandinavia walilinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa kwao wakachapisha 1995, na walichokuta ni kwamba VO2max, yaani oksijeni nyingi zaidi ambayo mwili unaweza kutumia kwa dakika, haikuwa na tofauti kubwa kati ya wale bora wa pande zote mbili, tofauti ilionekana zaidi kwa jinsi Wakenya walivyotumia nishati kidogo kwa kasi ile ile. Tangu hapo kumekuja jeni, miguu myembamba, nyanda za juu, kukimbia kwenda shule, kila mtu na lake. Wewe na miaka yako miwili na bajeti ya nauli hutalimaliza.

Sasa angalia kitu kingine. 2006, Vincent Onywera wa Kenyatta University akiwa na Yannis Pitsiladis, aliyekuwa Glasgow wakati huo, na wenzao walichapisha kazi iliyolinganisha wakimbiaji 404 wa Kenya na Wakenya wengine 87 wa kawaida. Walitumia nini? Hojaji. Umezaliwa wapi, lugha yenu nyumbani ni gani, shule ilikuwa mbali kiasi gani, ulikuwa unaenda kwa miguu ama kwa kukimbia ama kwa gari. Hakuna mashine ya mamilioni hapo na mpaka leo hiyo pepa inatajwa. Miaka miwili kabla, 2004, baadhi ya watu hao hao wakiwa pamoja na Mike Boit, yule wa shaba ya mita 800 Munich 1972 ambaye baadaye alikuwa profesa hapo hapo Kenyatta, walipima chakula cha wakimbiaji wakiwa kambini wakakuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwa wanga, ugali na sukari ya chai zikichangia sana. Hiyo ni kazi ya mizani na uvumilivu wa kukaa na watu wanapokula. Nasema hivi kwa sababu najua watu wanaoacha kusoma wakifikiri hawawezi kufanya utafiti wa maana bila maabara ya kizungu, na sio kweli.

Jaribu hivi: andika swali lako kwa sentensi moja ambayo ndani yake kuna watu gani, unapima nini, na kwa muda gani. Mfano: je, mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki kwa wiki 8 yatapunguza oksijeni inayotumika kwa kasi ya kilomita 14 kwa saa kwa wasichana wakimbiaji wa kiwango cha kaunti wenye miaka 18 hadi 25? Ukishindwa kuijaza hiyo sentensi bado huna swali, una hamu. Hamu ni nzuri, lakini kamati haiwezi kupitisha hamu.

Na kuna maeneo mengi yamelala kabisa. Wanawake kwanza. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko 2014, na la karibuni ni la 2023, kuhusu hali ya mwanariadha kula kidogo kuliko anachochoma mpaka hedhi inakatika, mifupa inapungua nguvu na majeraha yanafuatana. Sasa nenda uangalie ni wangapi wanaofuatilia hilo jambo kwa wasichana wa miaka 17 walioko kambi za Elgeyo Marakwet, au Arusha na Manyara kwa wale wa Tanzania. Kuna netiboli. Kuna mpira wa wanawake ambao umekua haraka kuliko tafiti zake. Kuna watoto, ambao Shirika la Afya Duniani linasema wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kila siku, lakini shuleni kipindi cha michezo ndo cha kwanza kuliwa na hesabu mitihani ikikaribia. Kuna wazee wa presha na sukari. Mazoezi sio medali tu, neno "mazoezi" liko kwa jina la kozi kwa sababu hiyo.

Na kama wewe si mtu wa damu na misuli, usijitoe. Sayansi ya michezo ina saikolojia, ina sosholojia, uongozi, historia. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch 1974, 3:32.2, akiongoza toka mwanzo mpaka mwisho, na kizazi kilichosikiliza hiyo mbio kwa redio bado kiko, wengine wamezeeka sana. Mtu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ama popote pale anayetaka kuandika jinsi riadha ya Tanzania ilivyojengwa miaka ile na jinsi ilivyoshuka, hao wazee wanahojiwa sasa hivi, sio mwaka ujao.

Chuo na supavaisa

Hapa nitapita haraka maana watu wanajua. Vyuo vyetu vingi mastaz ni madarasa kwanza kisha utafiti, Uingereza PhD mara nyingi ni utafiti toka siku ya kwanza, miaka 3 hadi 4, na mwisho unakaa na watahini mkizungumza. Ukiomba pesa, angalia Commonwealth ya Uingereza, angalia DAAD ya Ujerumani, Chevening ya Uingereza ni ya mastaz na ukimaliza lazima urudi nyumbani angalau miaka 2. Kile Kituo cha Masomo ya Olimpiki (Olympic Studies Centre) cha Lausanne, Uswisi, kina ruzuku ya wanafunzi wa PhD ila ni kwa upande wa jamii na historia, sio wa fiziolojia, usipoteze wiki kuandika ombi la kupima lakteti, ile kemikali inayopanda kwa damu mtu akikimbia kwa nguvu.

Chagua mtu kabla ya jina la chuo. Soma pepa zake mbili tatu, kisha mwandikie imeili fupi: wewe ni nani, swali lako ndo hilo la sentensi moja, kwa nini unadhani linaingiana na kazi yake, na CV ya kurasa mbili. Usimwambie Profesa kwamba umevutiwa na utafiti wake wa kupendeza bila kutaja hata kazi moja, anajua umeituma kwa watu 30. Akikubali kuongea, muulize kwa heshima lakini muulize: vifaa vinavyotajwa kwenye tovuti vipo na vinafanya kazi, nani anavitunza, ana wanafunzi wangapi sasa, sura moja ukimpelekea anairudisha baada ya muda gani. Kisha tafuta mwanafunzi wake uongee naye pembeni. Mashine ya kupima gesi za pumzi ambayo imekaa kwa boksi tangu inunuliwe kwa sababu hakuna gesi ya kuikalibreti haitakusaidia kitu, na ni afadhali ujue hilo kabla ya kuandika sura ya tatu.

Watu wangapi?

Hii ndo inaua proposo nyingi. Unasema utachukua wakimbiaji 10 wa mazoezi mapya na 10 wa kulinganisha, ukiulizwa mbona 10 unasema ndo waliopatikana. Kuna programu ya bure ya kukokotoa idadi ya watu inaitwa G*Power, idaunlodi. Ukiiambia unatarajia tofauti ya ukubwa wa kati, ile watu wa takwimu wanaiita d ya 0.5, na unataka nguvu, yaani uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo kweli, ya asilimia 80 kwa kiwango cha 0.05, itakwambia unahitaji watu 64 kwa kila kundi, jumla 128. Utawatoa wapi wakimbiaji 128 wa kiwango kimoja ambao wote wana nafasi wiki hizo? Sasa badilisha mpango, mtu yule yule apimwe mara mbili, mara moja akiwa na kitu unachojaribu na mara moja bila, na utofauti wa ndani ya mtu mwenyewe ukiwa 0.5 hiyo hiyo, programu inashuka mpaka watu 34. Swali lile lile, watu wamepungua karibu mara nne. Ndo maana watu wa michezo wanapenda sana huu mtindo wa kubadilishana zamu. Ila una masharti: nusu waanze na hiki na nusu waanze na kile kwa kura, na katikati kuwe na siku za kutosha kusafisha athari ya kwanza. Kafeini inaisha mwilini kwa siku mbili hivi, lakini nguvu aliyojenga kwa wiki 8 huwezi kuisafisha, huko lazima makundi mawili, ama ukubali swali lingine.

Na ukiongelea kafeini, kwa kambi zetu chai ya maziwa inanyweka asubuhi, saa nne, na jioni. Ukipima kafeini ya miligramu 3 kwa kilo bila kujua mtu amekunywa vikombe vingapi asubuhi hiyo, unapima nini sasa?

Wakimbiaji wa dunia ni wachache kwa asili yao, na hakuna aibu kuwa na watu 8 kama ni 8 wa aina hiyo kweli. Lakini sema wazi, onyesha matokeo ya kila mtu kwa mstari wake kwenye grafu, na usijifanye p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) ya 0.04 imemaliza mjadala.

Vibali

Kenya mpangilio uko hivi: proposo ipite idarani, iende kamati ya maadili iliyotambuliwa, kisha na barua yao unaomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa mtandao, na ukikipata unaripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti unayoenda. Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na utafiti wa kiafya unahusisha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa. Ukitoka nje ya nchi kuja kukusanya data, kibali cha chuo chako cha Ulaya hakitoshi, unahitaji na cha huku, na wanataka kujua mshirika wako wa hapa ni nani. Weka miezi kadhaa kwa hili jambo na uipange kinyumenyume: wanariadha wanapatikana lini, toa hapo muda wa vibali, hiyo ndo tarehe yako ya mwisho ya proposo. Baada ya marathoni za Septemba mpaka Novemba, yaani Berlin, Chicago, New York, kuna wiki watu wanapumzika, alafu wanaanza kujenga msingi taratibu. Wakati huo wa kujenga msingi ndo mlango wako.

Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili ambacho mkimbiaji wa darasa la nane anaelewa akisoma peke yake, na kama kuna lugha ya nyumbani iliyo rahisi kwake, itafsiriwe na ielezwe kwa hiyo. Iseme utatoa damu kiasi gani, itachoma wapi, itachukua muda gani, ataumwa vipi kesho yake, na kwamba anaweza kuacha hata katikati bila kuulizwa sababu. Chini ya miaka 18 mzazi anasaini na mtoto mwenyewe anakubali pia, vyote viwili. Kocha kukubali sio ridhaa ya mwanariadha. Naomba hili lishikwe vizuri kwa sababu kwenye kambi nyingi kocha akisema "nendeni mkapimwe" hakuna mtu anabaki nyuma, na Tamko la Helsinki, ule mwongozo wa dunia wa maadili ya utafiti wa kitabibu, tangu 1964 limejengwa juu ya mtu kuchagua mwenyewe. Njia ya kufanya ni kueleza kwa wote pamoja na kocha, kisha kuwapa siku mbili, kisha kusainisha mmoja mmoja kocha akiwa hayupo. Na asiyetaka, kocha asijue kutoka kwako.

Majina yakae mbali na data. Namba kwa karatasi ya vipimo, orodha ya majina imefungwa kwingine. Kenya kuna sheria ya kulinda data ya 2019 na taarifa za afya ziko kwenye kundi nyeti, alafu fikiria pia kibinadamu, mkimbiaji akijulikana kwamba damu yake ina upungufu wa chuma meneja anaweza kumtoa kwa mbio.

Dopingi, hili lisomwe mara mbili

Mwanariadha anabeba mwenyewe kila kitu kinachopatikana mwilini mwake, hata kama alipewa na mtafiti mwenye barua ya chuo. Kwa hivyo kama utafiti wako una poda, kidonge ama kinywaji chochote, usichukue kitu cha duka la mtaani, chukua kilichopimwa na maabara huru kwa kila toleo, weka risiti na namba ya toleo, weka na sampuli iliyofungwa. Kabla hujaanza ongea na ADAK, hao ndo wakala wa kupambana na dopingi Kenya, kwa maandishi. Sindano zenyewe zina historia huku, mtu akiona mgeni na sindano kambini habari inafika mjini kabla hujamaliza chai. Waeleze mapema, fanyia mahali pa wazi, awe mtaalamu wa maabara mwenye leseni anayetoa damu na sio wewe na video ya YouTube. Na kama unaweza kujibu swali lako bila damu, jibu bila damu.

Kupima shambani

Hapa ndo raha ilipo, na ndo tasnifu inapona ama kufa.

Anza na urefu wa mahali. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya bahari. Presha ya hewa pwani ni kama milimita 760 za zebaki, huko juu ni kama 570, robo nzima imeondoka. Mashine ya gesi isipoambiwa presha ya hapo ilipo itakupa namba nzuri sana za uongo. Na hata ikiambiwa, VO2max ya mtu huyo huyo iko chini Iten kuliko Mombasa, kwa hivyo usichukue namba ya Iten ukailinganisha na jedwali la Uingereza lililopimwa usawa wa bahari kisha useme vijana wetu wako chini.

Kama huna mashine, kuna majaribio ya uwanjani. Ile ya Cooper ya dakika 12 ni ya 1968, unachukua mita alizokimbia, unatoa 504.9, unagawanya kwa 44.73, unapata makadirio ya VO2max. Mtu wa mita 3,000 anapata kama 56, yaani mililita za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Rahisi sana, lakini hiyo fomula ilitoka kwa wanaume wa jeshi la anga la Marekani. Ukiimwaga kwa wasichana wa sekondari wa Kapsabet bila kusema chochote mtahini atakushika. Heri uripoti mita zenyewe, mita hazidanganyi. Vivyo hivyo na ile 220 toa umri ya mapigo ya juu ya moyo, kwa mtu mmoja inaweza kukosea mapigo 10 na zaidi, mpime badala ya kumkisia.

Lakteti pembeni ya uwanja. Hii inafanywa vibaya kila siku. Mkimbiaji amemaliza mita 1000, jasho linatiririka mpaka kwa kidole, unachoma, unachukua tone la kwanza, mashine inasema 9 wakati kweli ni 5. Jasho lenyewe lina lakteti! Kwa hivyo: futa kidole ama ncha ya sikio kwa spiriti, kausha kwa pamba mpaka kikauke kabisa, choma, tone la kwanza lifute, tone la pili ndo la stripu, kile kikaratasi kinachoingia kwa mashine, na usikamue kidole kama unakamua chungwa. Stripu zikae kivulini, sio kwa dashibodi ya gari. Glavu mpya kwa kila mtu, na boksi la sindano zilizotumika unarudi nalo, hauachi kambini hata kipande. Uwe na mtu mmoja wa kuchoma na mwingine wa kuandika saa na namba, mtu mmoja hawezi yote mawili kocha akiwa anapiga filimbi ya raundi inayofuata.

Mafuta ya ngozi nayo. Weka alama kwa kalamu kwanza, upande wa kulia, shika mkunjo kwa kidole gumba na cha shahada, koleo la kupimia (kaliper) liwekwe sentimita 1 kutoka kwa vidole vyako, liachie kabisa, hesabu sekunde 2, soma. Pima sehemu zote mzunguko mmoja ndo urudie mzunguko wa pili, sio kupima pahali pamoja mara mbili mfululizo, kwa sababu ngozi bado imebanwa. Kozi za ISAK, shirika la kimataifa la vipimo vya mwili, zinafundisha haya, ukipata nafasi ya leveli ya kwanza nenda. Na mwanamke apimwe na mwanamke, ama angalau mwanamke awe chumbani.

Kitu cha bure kabisa ambacho nakipenda kuliko vyote: dakika 30 hivi baada ya mazoezi muulize mtu yalikuwa magumu kiasi gani kwa mizani ya 0 hadi 10, zidisha kwa dakika alizofanya. Saa nzima kwa ugumu wa 7 ni 420. Fanya hivyo kila siku kwa wiki 12 na una picha ya mzigo wa mazoezi ambayo hata timu kubwa zenye pesa wanaitumia. Alfajiri saa kumi na mbili, zile fatleki za Alhamisi (kukimbia kwa kubadilisha kasi, haraka kisha polepole) kwa barabara ya vumbi, yote yanaingia kwa daftari moja. Shida yake ni moja tu, kila siku maana yake kila siku, kwa hivyo mchague mmoja kambini mwenye mpangilio, mlipe kiasi fulani, na umpe simu yenye bando.

Kabla ya data ya kweli pima watu wachache mara mbili, siku mbili tofauti, mambo mengine yakiwa sawa. Kama kipimo chako kinayumba asilimia 2 chenyewe bila mtu kubadilika, na unatarajia mazoezi yalete asilimia 1, basi bado hujawa tayari, ama uongeze watu, ama uongeze marudio, ama ubadilishe kipimo. Hii wiki moja ya majaribio inaokoa mwaka. Wengi wanairuka.

Kukaa na kambi

Fika mapema kabla ya kupima chochote. Amka nao, simama pembeni, shika chupa za maji. Usipime Alhamisi ya fatleki wala siku moja kabla ya mbio ndefu ya wikendi. Baada ya chakula cha mchana watu wanalala, na usingizi huo ni sehemu ya mazoezi yao kama kilomita zenyewe, hojaji yako itangoja saa kumi. Rudisha nauli ya mtu, mpe chakula siku ya kipimo, lakini usiweke pesa kubwa mpaka mtu mgonjwa afiche ugonjwa ili apimwe. Homa, jeraha, ama ameamka na kifua kubana, hapimwi, na kwa jaribio lolote la kuchosha hadi mwisho kuwe na mtu anayejua huduma ya kwanza na gari liko karibu.

Na matokeo yarudi. Karatasi moja kwa kila mtu, kwa Kiswahili, kabla hujaondoka: ulipimwa hivi, ulipata hivi, maana yake ni hii. Kocha apate ya kikundi bila majina. Vijana wengi wamepimwa mara nyingi na wageni na hawajawahi kuona hata namba moja, ndo maana mtafiti anayekuja baadaye anapokewa kwa mashaka.

Kuandika na kutetea

Andika mbinu ulizotumia ukiwa bado shambani, aina ya kiatu, hali ya hewa, saa, modeli ya mashine, usingoje. Data iwe na bakapu mahali pawili tofauti, flashi mbili kwa begi moja sio mahali pawili. Tumia Zotero, programu ya bure, kwa marejeo toka siku ya kwanza. Kwa matokeo, usiishie kwa p, toa ukubwa wa tofauti na masafa ya uhakika (confidence interval), alafu mweleze msomaji kwa lugha ya kocha: sekunde ngapi kwa kilomita 10?

Kenya miongozo ya vyuo inataka pepa moja iliyochapishwa kwa mastaz na mbili kwa PhD, na hapo ndo majarida ya kuwinda pesa yanakupata, yale yanakuandikia "Dear Eminent Professor" na wewe ni mwanafunzi, yanaahidi kuchapisha kwa siku 5. Angalia kama jarida liko PubMed ama DOAJ, zile orodha za mtandaoni za majarida, angalia wahariri ni watu wa kweli wanaojua kwamba wako kwenye hiyo orodha, na muulize supavaisa kabla ya kulipa shilingi. Nani ataandikwa jina na kwa mpangilio gani kubalianeni mwanzoni, hasa kama kuna washirika wa nje. Mtu wa hapa aliyebeba kazi ya shambani na kusaidia kuichambua na kuiandika ni mwandishi, sio mtu wa kushukuriwa kwa mstari mmoja chini.

Siku ya kutetea watakuuliza mambo yale yale: mbona hawa watu, mbona kipimo hiki, kinakosea kiasi gani, na ungekuwa na pesa zaidi ungebadilisha nini. Ukiwa ulifanya ile wiki ya majaribio, swali la tatu unalijibu kwa namba yako mwenyewe badala ya namba ya mtu mwingine kutoka Australia. Marekebisho karibu kila mtu anapewa. Chora jedwali la safu tatu, alichosema mtahini, ulichobadilisha, ukurasa gani, mpelekee supavaisa asaini, ndo uende kubaindi.